Mungu Aliyeyajua Maumivu Yetu

Akina mama wapendwa, sisi tunaohudumu wodini huulizwa mara nyingi na mama anayekesha na mtoto mgonjwa: "Nesi, kweli Mungu anaona?"

Imani yetu haisemi kwamba Mungu anatazama tu kutoka mbinguni. Mwaka 451, viongozi wa Kanisa waliokutana Kalkedonia walitamka kwamba Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli. Alizaliwa na mwanamke, akavishwa nguo za kitoto, akaona njaa, akamlilia rafiki yake Lazaro.

Sisi wauguzi huguswa hasa na Marko 15:23. Kabla ya kusulubiwa alipewa divai iliyotiwa manemane, ambayo walimu wengi wa Biblia hueleza kuwa ilikuwa ya kutuliza maumivu. Akaikataa. Kwa upendo aliyapokea mateso yote bila kupunguziwa.

Lakini tusikosee, dada zetu. Hakuteswa ili sisi tukatae dawa, wala tuvumilie kipigo nyumbani. Yeye mwenyewe aliponya wagonjwa.

Basi juma hili tumtembelee jirani anayeuguza. Tumchotee maji, tumpikie uji, tukae naye na kusali pamoja, kama Bwana alivyokuja kukaa kwetu.