Setilaiti yahesabu mikoko, futi kamba yapima mali

MKAZI wa Kunduchi, wilayani Kinondoni, hahitaji kuelezwa faida ya mikoko. Mizizi yake huzuia mawimbi yasile ufukwe, na katikati yake hukulia kamba na samaki. Lakini miti hiyo hiyo hutafutwa kwa boriti, mkaa na kuni za kuchomea chokaa, na sehemu nyingine imefyekwa kupisha mashamba ya chumvi.

Je, imebaki kiasi gani?

Kupima msitu wa matope kwa miguu ni kazi nzito, hivyo wataalamu hutumia picha za setilaiti. Jani hai hurudisha kwa wingi mwanga fulani usioonekana kwa macho, wakati maji huumeza. Kwa tofauti hiyo, kompyuta hutenganisha mikoko na bahari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwa kutumia picha za Landsat ulikadiria kuwa mikoko ya pwani ya Tanzania ilikuwa hekta 109,593 kati ya mwaka 1988 na 1990, na hekta 108,138 mwaka 2000. Upungufu ni hekta 1,455, sawa na asilimia 1.3.

Tarakimu hizo zinatia moyo, lakini zisomwe kwa uangalifu. Picha ya Landsat hugawa ardhi katika vipande vya mita 30 kwa 30. Ukanda mwembamba wa mikoko, mathalani kando ya Mto Mzinga wilayani Temeke, huweza kuchanganyika na tope na maji katika kipande kimoja.

Aidha, mkataji akiondoa boriti nene na kuacha fito, ukitazama kutoka juu msitu bado ni wa kijani. Eneo ni lile lile, mali imepungua.

Ndiyo maana wapimaji hushuka matopeni na futi kamba. Huchagua maeneo ya mfano, hupima unene wa kila shina, na kwa mkoko hupima juu ya mizizi yake mirefu. Vipimo hivyo huoanishwa na picha ili kukadiria uzito wa msitu mzima.

Kazi hiyo ina fedha ndani yake. Huko Gazi, Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 huuza kaboni ya hekta 117 za mikoko, na mapato yamesaidia huduma za maji na shule. Mnunuzi hulipia tani zilizopimwa, halipii rangi ya kijani.

Picha za Landsat hutolewa bure tangu mwaka 2008. Kinachogharimu ni jasho la matopeni.