Simu Iliyofungwa ni Simu Iliyo Rehani

Mama mmoja wa Kariakoo alinijia na simu aliyopelekewa na mwanawe aliyeko Marekani, mpya, haina hata mkwaruzo, ambayo kila ilipotiwa laini ya hapa ilionyesha juu ya kioo kisanduku kitupu kikidai namba ya siri asiyopewa na mtu, naye akaamini kuwa hidaya ile ilikuwa mbovu; kumbe haikuwa mbovu, ilikuwa rehani.

Kampuni za simu za huko aghalabu humpa mteja chombo cha thamani kubwa ili akilipe kidogo kidogo kwa miezi mingi, na kwa kuchelea asije akahamia kwa wengine kabla ya deni kwisha, hukifunga kisikubali mtandao usiokuwa wao. Kila laini ina namba yake ya utambulisho, kwa kawaida ya tarakimu 15, ambayo tatu za mwanzo hutaja nchi, 640 kwa Tanzania na 639 kwa Kenya, na zifuatazo hutaja mtandao. Simu ikiwashwa huisoma namba hiyo, na ikiiona si ile iliyoamriwa kuipokea, hukataa.

Maadamu kufuli ni la deni, deni likilipwa kufuli halina tena uhalali. Januari 2013 ulipokoma msamaha wa kisheria uliowaruhusu Wamarekani kuzifungua simu zao wenyewe, watu zaidi ya 114,000 walitia saini ombi kwa Ikulu yao, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama akaidhinisha sheria iliyoirudisha ruhusa hiyo. Uingereza ilikwenda mbali zaidi, kwani tangu Desemba 2021 kampuni zake zimekatazwa kabisa kuuza simu zilizofungwa, nami naiona hukumu hiyo kuwa ya insafu, kwa sababu mkataba peke yake watosha kulidai deni.

Njia salama ya kufungua ni kuiendea kampuni iliyofunga. Bonyeza *#06# upate namba ya simu yenyewe, ambayo nayo ni ya tarakimu 15, umpelekee aliyeinunua aiombe kampuni. Simu nyingine zitapewa namba ya kufungulia, na nyingine, kama iPhone, hufunguliwa kutoka mbali bila ya mtu kuandika namba yoyote. Fundi anayebahatisha namba yuko hatarini kuiharibu mali ya watu, kwani simu nyingi huhesabu makosa, na yakizidi idadi iliyowekwa hujifunga zisikubali tena hata namba ya haki.

Wala kufungua hakuondoi kila kizuizi. Simu iliyoripotiwa kuwa ya wizi itabaki imezuiwa, na iliyoundwa kwa masafa ya Marekani tu, ya 850 na 1900, haitasikia minara yetu ya 900 na 1800, hata kama haina kufuli lolote.

Simu ya yule mama ilifunguliwa na kampuni ile ile iliyoifunga, bila ya malipo, mwanawe alipokwisha kulikamilisha deni. Basi enyi ndugu mlio ughaibuni, ombeni simu zifunguliwe huko huko kabla hamjazitia mzigoni, maana kampuni humjibu mwenye akaunti, haimjibu mpokeaji.