Miviga: Zaidi ya sherehe na mbwembwe

MIVIGA ni sherehe ambazo jamii huzifanya kwa utaratibu maalumu ili kuadhimisha tukio au hatua muhimu maishani: kuzaliwa, kutahiriwa, kuoana, kutawazwa, kuzikwa.

Wanafunzi wa Fasihi Simulizi huikariri fasili hii pamoja na sifa zake. Miviga huwa na mahali na wakati maalumu, watekelezaji, vifaa na maneno yanayoambatana na matendo. Chukua vugo, ngoma ya harusi ya wanawake wa Lamu: wanawake hugonga pembe kwa vijiti huku wakiimba. Sifa zote zimo. Ukiuliza dhima, utajibiwa chapuchapu: kuelimisha, kuburudisha na kuunganisha jamii.

Majibu hayo ni sahihi, ila yanaacha pengo. Ikiwa kazi ya miviga ni kuunganisha tu, mbona watu huigombania? Hebu tubaki huko huko Lamu tutafute jibu.

Katika Makumbusho ya Lamu mna siwa mbili za kale. Moja ni ya shaba, ya Lamu. Nyingine ni ya pembe za ndovu, ya Pate, na urefu wake unazidi mita mbili. Siwa ni baragumu lililopigwa katika shughuli za watawala na waungwana, kama vile kutawazwa, harusi na jando. Si kila mtu aliyeruhusiwa kupigiwa. Ikilia, mji mzima ulijua huyu ni mwana wa nani.

Habari za Pate zinasimulia kisa cha Mwana Darini, mwanamke wa ukoo mkubwa aliyetaka kumtahiri mwanawe kwa heshima zote. Akanyimwa siwa. Je, aliahirisha jando? Thubutu! Alimwita fundi, akampa pembe za ndovu, siwa mpya ikachongwa. Mtoto angeweza kutahiriwa bila baragumu, hilo Mwana Darini alilijua. Alijua pia kwamba jando lisilo na siwa lingeutangazia mji kuwa ukoo wake umeshushwa.

Mfano wa pili ni Maulidi. Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija, alihamia Lamu katika karne ya 19, akajenga makao upande wa Langoni, walikoishi wageni wengi na watu wa tabaka la chini. Aliwafundisha dini hata watumwa na waliokuwa watumwa. Maulidi aliyoyaeneza yalisomwa kwa matari, na watu wa kila aina wakakaa safu moja. Baadhi ya waungwana walikuja juu: vipi matari yaingie msikitini? Lakini nyuma ya swali la matari palikuwa na jingine: vipi hawa nao wakae na sisi?

Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907. Sheria ilimpa mtu uhuru. Bado alihitaji kuonekana na jirani zake kuwa mwenzao. Hapo ndipo mviga ulipofanya kazi ambayo karatasi ya serikali isingeiweza. Leo, kila Mfunguo Sita, Maulidi ya Msikiti wa Riyadha huvuta wageni kutoka pembe zote za Afrika Mashariki, na waungwana kwa wasio waungwana hujivunia kuwa ni yao.

Kutokana na mifano hii miwili, tunaweza kusema kwamba miviga huhesabu watu. Hubainisha nani ni wa ndani, nani wa pembeni, na nani amepanda ngazi. Ndiyo maana kunyimwa kifaa kimoja tu huuma, na kukaribishwa safuni huponya.

Basi mwalimu, mwanafunzi wako akishamaliza kuorodhesha sifa za miviga, mwongezee maswali matatu. Nani ameitwa? Nani ameachwa nje? Nani ana uwezo wa kumnyima mwenzake? Maswali hayo hayahusu mambo ya kale pekee. Mzazi ambaye mwanawe amekosa joho siku ya mahafali, ilhali mtihani amepita, anajua vyema kilichomsumbua Mwana Darini.