Kengele ya Frere Town na watu waliojikomboa kwa miguu

UKISHAVUKA daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, ukashika barabara ya Malindi, huendi mbali kabla ya kumsikia makanga akiita, "Kengeleni! Kengeleni wa kushuka!" Huenda umeshuka hapo mara nyingi, msomaji. Je, umewahi kusimama na kuutazama ule mnara wa kengele ambao ndio asili ya jina hilo?

Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa CMS, iwe makao ya watu walionyang'anywa wafanyabiashara wa watumwa na manowari za Kiingereza. Miaka miwili kabla ya hapo, Sultani Barghash wa Unguja alikuwa ametia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Mjumbe wa Uingereza aliyeushughulikia mkataba huo aliitwa Sir Bartle Frere, na ndiye aliyepewa heshima ya jina la mji. Kengele nayo ilikuwa ya kutoa hadhari. Wakija watu wenye nia ya kuwateka wenyeji tena, ilipigwa.

Hiyo ndiyo hadithi tuliyozoea kuwasimulia watoto, na si ya uongo. Kasoro yake ni moja: mtumwa ndani yake ameketi tu, anangoja kuokolewa.

Mkataba wa 1873 ulifunga masoko na njia ya bahari. Haukumwachilia mtu aliyekuwa tayari shambani. Malindi, Takaungu na Mombasa kwenyewe watumwa waliendelea kulima mtama wa bwana, na sheria ya Sultani ilikuwa upande wa bwana huyo. Basi walifanya nini? Walitoroka! Wengine walikimbilia Witu kwa Sultani Ahmed, yule aliyejulikana kwa jina la Simba. Wengine waliingia Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, na wengine wakaelekea Rabai. Waliitwa watoro.

Wakubwa wa Kiingereza waliwaonya wamishonari wasiwapokee, kwa kuwa kumficha mtumwa wa mtu lilikuwa kosa. Watoro walizidi kuja. Mwaka 1880 mabwana wa Mombasa walitishia kuishambulia Frere Town kwa sababu yao. Kule Fuladoyo, kiongozi wao David Koi aliuawa mwaka 1883. Rabai walimkuta William Jones, Mwafrika aliyekuwa ametekwa akiwa mtoto, akakombolewa na kulelewa India. Huyo hakuhitaji kuelezwa utumwa ni nini.

Kufikia 1888 hasira ya mabwana ilikuwa imefika shingoni. George Mackenzie, wa ile kampuni ya Imperial British East Africa, aliituliza kwa fedha, na Januari 1889 watoro wakaanza kupewa hati za uhuru. Walikuwa zaidi ya 1,400. Lakini angalia, ndugu msomaji, ni nani aliyelipwa. Ni bwana! Aliyelima bila ujira alipata karatasi. Tena utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907.

Hadi leo "mtumwa" ni tusi pwani, na zipo nyumba ambamo haielezwi babu mkuu alitoka wapi. Mtoto akiuliza, hubadilishiwa mazungumzo. Sijui aibu hiyo iliwaangukia vipi wajukuu wa aliyefungwa, ikawapita wajukuu wa aliyefunga. Mtu aliyetembea kutoka Takaungu akijua vyema atakalotendwa akishikwa ni babu wa kutajwa mbele ya wageni. Ningependa mnara ule uwe na kibao kinachowataja watoro kwa jina hilo hilo, kando ya majina ya wakubwa.

Jumapili moja washushe watoto Kengeleni, wautazame mnara. Siku nyingine pandeni matatu hadi Mazeras, mkate kuingia Rabai, ambako kanisa la kale la wamishonari sasa ni makumbusho. Waambie ni hapa walipofika, na kwamba hakuna manowari iliyowaleta.