Utangulizi: Mgeni Anapohesabu Mababa

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali yetu hukomea kwenye jembe. Haisemi habari za mwaka wa kumi, wala za mjukuu wa mgeni huyo, aliyezaliwa papo hapo na kuzika wazee wake papo hapo. Je, naye ni mgeni bado? Karibu, msomaji, katika taaluma ya jinsi mgeni anavyogeuka mwenyeji, inayoanzia pale methali inapoishia.

Ukitaka kuiona kwa macho, simama Madogo, nchini Kenya, penye daraja la mto Tana, Garissa ikiwa ng'ambo. Watapita Wasomali, Waorma na Wardei. Watapita Wamunyoyaya, wakulima wa ukingo wa mto wanaosema lugha ya jamii ya Kioromo, na Wamalakote, ambao lugha yao ni ya Kibantu lakini imesheheni maneno ya Kioromo. Hapa kila lugha ina alama ya jirani yake.

Mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi, yaani kuhesabu mababa: jina lake, la baba, la babu, hadi kwa babu mkuu wa ukoo. Wapo pia walioitwa sheegad, neno lililotokana na kitenzi cha kusema na kudai. Hao walijiunga na ukoo wenye nguvu kwa ajili ya ulinzi, malisho na maji, na hatimaye wakahesabu mababa wa wenyeji kama wao wenyewe. Nusu ya pili ya karne ya 19, Wasomali waliposonga kutoka mto Juba kuelekea Tana, Waorma wengi walishindwa vitani. Waliotekwa na waliotafuta hifadhi waliishi kwa washindi na kushika lugha ya Kisomali. Wardei wa Tana River wa leo wametokana na historia hiyo.

Sasa, kwa swali lilo hilo la mgeni na mababa, tuwatazame Waisraeli wa kale. Kiebrania kina neno ger, mgeni anayekaa kati ya wenyeji. Ni ndugu wa neno la Kiarabu jar, lenye maana ya jirani na pia mtu aliye chini ya ulinzi. Na sisi tumelipata neno jirani kutoka humo humo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinasema kundi kubwa la watu mchanganyiko lilitoka Misri pamoja na Israeli. Sura hiyo hiyo inaweka sheria moja kwa mzaliwa na kwa mgeni. Ruthu, mwanamke wa Moabu, ndiye aliyemzaa babu yake Daudi. Baadaye marabi walitenganisha ger toshav, mkaazi aliyeacha sanamu, na ger tzedek, aliyeingia kikamilifu katika agano.

Hata huyo wa pili alikuta mlango mmoja umerudishwa. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo, inamwonyesha amebeba malimbuko ya shamba lake. Anayatoa, lakini maneno ya kutolea hayasemi, kwa kuwa yanataja nchi ambayo Mungu aliwaapia "baba zetu". Kikapu kinapokelewa, kinywa kinanyamaza. Karne ya 12, mwongofu aitwaye Obadia alimwuliza Maimonides, mwanazuoni wa sheria ya Kiyahudi, kama anaruhusiwa kusali kwa maneno hayo. Maimonides alijibu: sema yote, kwa maana Ibrahimu ni baba wa kila anayefuata njia yake.

Swali hilo halijafungwa. Abayudaya, jamii ya Kiyahudi ya karibu na Mbale, Uganda, walianza kushika Torati mwaka 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu. Mwaka 2002 wengi wao walipitia uongofu rasmi mbele ya marabi.

Popote utakapofanya utafiti, uliza mambo matatu. Nani humlinda mgeni? Sheria ipi humhukumu? Anaruhusiwa kutaja mababa wa nani? Kwa maoni yangu la tatu ndilo kuu, maana ulinzi na sheria huja mapema, ilhali mababa hutolewa mwisho. Lakini usimfanye sheegad kuwa sawa na ger. Sheegad huingia katikati ya mnyororo wa majina, na asili yake hufichika. Ger huruka mnyororo wote na kuitwa mwana wa Ibrahimu, huku kila mtu akijua alikotoka.

Nenda basi kwa mzee wa kwenu, mwombe akuhesabie mababa, na usikilize pale anapositasita. Ila shika adabu. Neno sheegad likitumiwa kwa dharau ni tusi, na habari ya asili ya mtu inaweza kutumiwa kumnyima malisho au kitambulisho. Unachoandika daftarini kisiwe sababu ya mtu kuitwa mgeni kwao.