Nyundo za Kifalme: Zana ya Mhunzi Iliyogeuka Alama ya Mamlaka

Si kila nyundo ilitengenezwa kwa ajili ya kufulia chuma. Katika falme za kale za ukanda wa Maziwa Makuu, ukiwamo ufalme wa Karagwe katika Mkoa wa Kagera wa leo, baadhi ya nyundo zilitunzwa ikulu kama alama za utawala.

Umbo lake lilitokana na zana ya kawaida ya mhunzi: pande la chuma lisilo na mpini wa mti, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. Likishikwa mkononi lilikuwa nyundo. Likisimikwa lilikuwa fuawe. Kwa kuwa jembe, shoka na mkuki vilipatikana kwa zana hiyo, mwenye nyundo alihesabiwa kuwa na chakula na ulinzi wa watu mikononi mwake.

Ushahidi wake umehifadhiwa ardhini. Nchini Rwanda, kaburi la Mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa mwaka 1969, nyundo za chuma zilikutwa pamoja na mabaki yake. Huko Karagwe, msafiri Henry Morton Stanley alipomtembelea Mfalme Rumanyika mwaka 1876, alionyeshwa hazina yenye mikuki pamoja na sanamu za ndege na ng'ombe zilizotengenezwa kwa shaba.

Hatari inayovikabili vyombo vya aina hiyo ni kwamba, kwa asiyevijua, hufanana na chuma chakavu. Kikishauzwa na kuyeyushwa, hakirudi; na hata kikiokolewa baada ya kuhamishwa, hupotea habari za mahali kilipolala na vitu vilivyokuwa kando yake, ambazo ndizo humwezesha mtaalamu kutambua umri na matumizi yake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu nchini Tanzania kabla ya mwaka 1863. Vile vilivyotengenezwa baadaye kwa shughuli za kijamii na kiutamaduni navyo haviruhusiwi kupelekwa nje ya nchi bila kibali.

Kwa hiyo, mwananchi anayekuta chombo cha namna hiyo wakati wa kulima au kuchimba msingi anapaswa kukiacha mahali pake na kutoa taarifa mapema kwa uongozi wa eneo lake, ili ifikishwe kwa wataalamu wa mambo ya kale.