MTIHANI WA PIKIPIKI NA MABADILIKO YA LESENI

Mtu atokaye Migori kwenda Homa Bay hushika barabara kuu ya kaskazini, akapita Awendo mpaka Rongo, kisha akageuka kushoto kuelekea ziwani. Njia nzima atakutana na pikipiki. Nyingine zimechukua samaki, nyingine magunia, na nyingi zimechukua abiria. Waendeshaji wengi ni vijana waliofundishwa na ndugu au rafiki zao. Wanajua kuendesha, lakini kujua kuendesha si sawa na kuwa na leseni, na kuwa na leseni ya pikipiki si sawa na kuwa na leseni ya kuchukua abiria. Jambo hili la mwisho halifahamiki na wengi, nalo lafaa lielezwe.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilianza kutumika tarehe 1 Januari, 1954. Siku zile pikipiki ilikuwa chombo cha mtu aendaye kazini kwake. Kwa miaka mingi leseni yake ilionyeshwa kwa herufi F na G katika kile kitabu chekundu, wala herufi hizo hazikumtofautisha mtu ajiendeaye mwenyewe na yule achukuaye watu kwa nauli.

Mwaka wa 2008 Serikali iliondoa kodi ya thamani kwa pikipiki ndogo, bei ikashuka, na biashara ya bodaboda ikaenea hata vijijini. Chombo cha mtu mmoja kikawa gari la watu wote. Basi ilikuwa lazima sheria nayo ibadilike.

Mwaka wa 2012 Sheria ya Trafiki iliongezewa masharti haya: mwendeshaji avae kofia ngumu na koti lenye kung'aa, ampe abiria wake vitu hivyo hivyo, tena asichukue abiria zaidi ya mmoja. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, yaani NTSA, ambayo sasa ndiyo isimamiayo mitihani na leseni. Kadi mpya ya leseni ilianza kutolewa mwaka wa 2017 ili ishike mahali pa kitabu chekundu.

Katika mpango mpya leseni za pikipiki zina madaraja matatu. A1 ni ya pikipiki ndogo kabisa, ambayo injini yake haizidi cc 50, na mtu wa miaka 16 aweza kuiomba. A2 ni ya pikipiki kubwa kuliko hiyo, kwa mtu aliyetimiza miaka 18. A3 ndiyo ya bodaboda, ya wachukuzi wa vifurushi, na ya vyombo vya magurudumu matatu.

Mtu atakaye kufanya mtihani hupata kwanza leseni ya mwanafunzi, kisha husoma katika shule ya udereva. Siku ya mtihani huulizwa alama za barabarani, na huonyesha njia juu ya ubao wenye mfano wa mji. Kwa mfano, akifika mzunguko wa barabara, ampishe nani? Jibu ni kwamba humpisha atokaye upande wa kulia. Baadaye huendesha mbele ya mtahini. Hapo ndipo mazoea mabaya huonekana: kugeuka bila kutazama nyuma, kutotoa ishara, au kutegemea breki moja tu. Pikipiki yenye abiria ni nzito, nayo huchelewa kusimama. Kwa hiyo mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si katikati ya kona.

Wengine husema, "Nimeendesha miaka kumi bila ajali, mtihani wa nini?" Lakini ajali ikitokea, swali la kwanza litakuwa leseni. Asiye na daraja linalofaa aweza kushtakiwa, na kampuni ya bima yaweza kumgeukia yeye alipe fidia. Hapo hasara ya siku moja hupita faida ya miaka kumi, na pengine shamba la baba huuzwa.

Kwa hiyo kila mwendeshaji na aitazame kadi yake leo, asome herufi zilizoandikwa. Abiria naye asione haya kuuliza kabla hajapanda.